Sikio Litokalo Usaha Si Jambo Dogo



Katika shule nyingi yuko mtoto ambaye wenzake hawapendi kuketi karibu naye. Si mkorofi, wala si mchafu wa nguo. Lakini sikio lake moja hutoa majimaji yanayonuka, na kila asubuhi mto wake wa kulalia una madoa. Mwalimu humwita mara mbili kabla hajageuka. Wengine husema ni mvivu, wengine husema hana akili. Mama yake akiulizwa, hujibu bila wasiwasi: «Ni sikio lake tu. Limekuwa hivyo tangu utotoni. Halimwumi.»

Neno hilo la mwisho, «halimwumi», ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Maana upo ugonjwa wa sikio ambao kwa miaka mingi hauumi, hauleti homa, haumzuii mtoto kucheza wala kwenda shamba, na huku unakula mifupa ya kichwa chake polepole kama mchwa alavyo boriti ya nyumba. Waganga wa hospitali huuita kolesteatoma. Jina hilo ni gumu, lakini jambo lenyewe laweza kueleweka na kila mtu, nasi twataka leo kulieleza: ni kitu gani, hutoka wapi, na kwa nini haifai kulizoea sikio litokalo usaha.

Nyumba ya vyumba vitatu

Ili tuufahamu ugonjwa, yatupasa kwanza kulifahamu sikio lenyewe. Lifananishe na nyumba yenye vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza ni kama baraza. Ni sikio la nje tunaloliona, pamoja na tundu liingialo ndani. Mwisho wa tundu hilo kuna ukuta mwembamba sana, uliowambwa kama ngozi ya ngoma, nao huitwa kiwambo cha sikio. Upana wake ni kama milimita 9, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita moja tu. Sauti ikifika hapo, kiwambo hutetemeka.

Chumba cha pili ni sikio la kati. Ni kidogo, nacho kimejaa hewa. Humo mna mifupa mitatu iliyoshikamana, midogo kuliko mifupa yote ya mwili: nyundo, fuawe na kikuku. Huo wa mwisho, ulio mfano wa kikuku cha kupandia farasi, una urefu wa milimita 3 hivi. Kiwambo kikitetemeka, nyundo huigonga fuawe, fuawe hukisukuma kikuku, na hivyo sauti hufika chumba cha tatu. Chumba hicho cha ndani kimechimbwa katika mfupa mgumu. Kina kiungo chenye umbo la konokono, kigeuzacho sauti kuwa habari ya ubongo, na mifereji mitatu iliyopinda ituwezeshayo kusimama na kutembea bila kuyumba.

Sasa tazama majirani wa chumba kile cha kati. Dari yake ni mfupa mwembamba, na juu ya dari hiyo umekaa ubongo. Nyuma yake kuna mfupa wenye vyumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki. Ukipapasa nyuma ya sikio lako utauona ule uvimbe wake mgumu. Karibu na hapo hupita mshipa mkubwa urudishao damu kutoka kichwani. Na katika ukuta wa chumba chenyewe, ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa, hupita mshipa wa fahamu uamrishao uso, ule utuwezeshao kufumba jicho na kucheka. Ni chumba kidogo kama punje ya haragwe, lakini jirani zake ni wakubwa. Ndiyo sababu moto ukiwaka humo, hauishii humo.

Chumba hicho kina mlango mmoja tu wa hewa: mrija mwembamba utokao humo mpaka nyuma ya pua. Huitwa mrija wa Eustachi, kwa heshima ya Bartolomeo Eustachi, mwanachuoni wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Kwa kawaida mrija huo umefungwa. Tumezapo mate au kupiga miayo, hufunguka kidogo na kuingiza hewa mpya. Aliyepanda ndege, au aliyeshuka mlima mrefu kwa gari, amesikia masikio yakizibuka ghafula: ndio mlango huo umefunguka.

Ngozi isafiriyo

Kuna jambo moja la ajabu ambalo wengi hawalijui. Ngozi yetu hufa na kuzaliwa upya kila siku. Mikononi na miguuni, ngozi iliyokufa huanguka tunapooga na kujisugua. Lakini kule ndani ya tundu la sikio nani aisugue? Muumba ameweka utaratibu wake. Ngozi ya kiwambo na ya tundu husafiri yenyewe, polepole sana, kutoka katikati ya kiwambo kwenda nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kukua kwa kucha. Hubeba takataka zake na kuzifikisha mlangoni, pamoja na nta ya sikio. Basi sikio zima hujisafisha lenyewe, wala halihitaji kijiti, wala unyoya wa kuku, wala njiti ya kiberiti.

Ni vizuri kulishika jambo hili, kwa maana ndani yake mna siri yote ya ugonjwa tunaousimulia. Maadamu ngozi ile ina njia ya kutokea, mambo ni salama. Ikikosa njia, taabu huanza.

Kolesteatoma ni nini basi?

Kwa maneno mafupi, kolesteatoma ni ngozi iliyo mahali pasipo pake. Ni ngozi ya kawaida kabisa, kama ile ya mkono wako, lakini imeingia katika sikio la kati, mahali ambapo ngozi ya namna hiyo haistahili kuwapo. Huko imejifanyia mfuko. Kila siku hufa na kuzaliwa upya kama desturi yake, lakini taka zake hazina pa kutokea. Hulundikana ndani ya mfuko, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na mfuko hupanuka. Ukionekana wakati wa kupasua, huwa mweupe na wa kung'aa kama lulu.

Weupe huo uliwashangaza waganga wa zamani. Mfaransa Jean Cruveilhier aliandika habari za uvimbe wa lulu mwaka 1829. Mwaka 1838 Mjerumani Johannes Müller akaupa jina la kolesteatoma, akidhani kwamba ni uvimbe uliofanyika kwa mafuta yaitwayo kolesteroli. Jina hilo limebaki mpaka leo, ijapokuwa si sahihi. Ugonjwa huu hautokani na mafuta ya chakula. Wala si saratani, kwa kuwa hauruki kwenda katika viungo vingine vya mwili. Wala hauambukizi, hata mtoto mwenye nao akilala kitanda kimoja na ndugu zake. Na hakuna mtu aliyeutuma kwa uchawi. Wazee wetu walisema, «Kikulacho ki nguoni mwako». Na hapa kilacho sikio ni ngozi ya mgonjwa mwenyewe.

Watu wachache huzaliwa na mbegu ya ngozi hiyo nyuma ya kiwambo kizima kisicho na tundu. Lakini wagonjwa walio wengi hawakuzaliwa nayo. Wameipata baadaye, utotoni au ukubwani. Hao ndio tunaowazungumza leo.

Huingia kwa njia gani?

Njia ya kwanza, nayo ndiyo iliyo ya kawaida, huanzia katika ule mrija wa Eustachi. Kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi na umelala, hauteremki kama wa mtu mzima. Mafua na kikohozi huuvimbisha na kuuziba upesi. Kadhalika huzibwa na vinyama vya nyuma ya pua vikikua mno. Watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka hupata taabu hiyo zaidi ya wengine, kwa sababu misuli iufunguayo mrija haifanyi kazi sawasawa.

Mlango wa hewa ukifungwa kwa muda mrefu, hewa iliyomo chumbani hufyonzwa na mwili kidogo kidogo, na nyingine haiingii badala yake. Umewahi kumwona mtoto akifyonza hewa katika mfuko wa plastiki? Mfuko hubonyea ndani. Ndivyo kiwambo kivutwavyo kuelekea ndani. Sehemu yake kubwa ina nyuzi ngumu katikati, nayo hustahimili. Lakini kule juu kuna sehemu ndogo iliyo legevu, isiyo na nyuzi hizo za kutosha. Hapo hubonyea, hufanya kishimo, na kishimo huwa kimfuko. Mwanzoni kimfuko hicho ni wazi, na ngozi yake ingali yasafiri kutoka nje. Kikizidi kuwa kirefu na mdomo wake ukabaki mwembamba, ngozi iliyokufa hunaswa ndani. Tangu siku hiyo kolesteatoma imezaliwa.

Njia ya pili ni tundu la kiwambo. Mtoto amepata ugonjwa wa sikio wenye homa na maumivu makali. Usaha umekitoboa kiwambo na kutoka nje. Maumivu yametulia, na wazazi wamefurahi wakidhani amepona. Mara nyingi tundu hilo hufunga lenyewe. Lakini lisipofunga, na hasa likiwa ukingoni mwa kiwambo, ngozi ya tundu la nje yaweza kutambaa juu ya ukingo na kuingia ndani, kama majani ya shamba yaingiavyo uani kwenye ua uliobomoka. Matundu yaliyo katikati ya kiwambo hayana hatari kama hayo ya ukingoni, lakini nayo hayafai kudharauliwa.

Njia ya tatu ni majeraha. Kijiti kilichotoboa kiwambo, kofi kali la sikioni, kuvunjika kwa mfupa wa kichwa, au mlipuko wa bomu waweza kuisukuma ngozi ndani na kuipanda huko kama mbegu. Hata kazi ya mganga ndani ya sikio, ingawa yafanywa kwa uangalifu, mara chache huacha kipande cha ngozi mahali pabaya.

Wataalamu wameongeza maelezo mengine pia. Wako wasemao kwamba chembe za ngozi ya kiwambo, zikichokozwa na usaha wa siku nyingi, huota kuelekea ndani mfano wa mizizi. Wengine walidhani kwamba utando wa ndani wa sikio hugeuka kuwa ngozi. Mashauri hayo hayajesha. Lakini sisi wazazi na walimu twaona wazi kwamba karibu njia zote hizi zina chanzo kimoja: sikio lililougua na kuachwa bila kutunzwa.

Jinsi ulavyo mfupa

Labda msomaji atauliza: ngozi laini yawezaje kula mfupa mgumu? Zamani ilidhaniwa kwamba ni mgandamizo tu wa mfuko unaokua. Leo imejulikana kwamba kuna zaidi. Ngozi iliyonaswa, pamoja na vijidudu viishivyo katika taka zake zenye unyevu, huwasha uvimbe usiokoma. Uvimbe huo hutoa kemikali zinazoamsha chembe zivunjazo mfupa. Kila mtu anazo chembe hizo, nazo hufanya kazi ya kuutengeneza mfupa upya. Lakini zikiamshwa pasipo kiasi, huvunja kuliko mwili uwezavyo kujenga. Vijidudu vyenyewe hujifunika utando, hata dawa ya matone haivifikii vyote. Ndiyo sababu usaha hukauka wiki mbili, kisha hurudi.

Mfupa wa fuawe ndio uliwao mara nyingi kwanza. Mnyororo wa mifupa mitatu ukikatika, mtu hupungukiwa na kusikia. Lakini hapa pia ugonjwa huu ni mdanganyifu: nyakati nyingine mfuko wenyewe hujaza nafasi ya mfupa ulioliwa na kuipitisha sauti, hata mgonjwa akaendelea kusikia vizuri huku mfupa wake umekwisha kutoweka.

Baada ya hapo hatari huelekea kwa wale majirani. Mfuko ukitoboa mfereji wa mizani, mgonjwa hushikwa na kizunguzungu. Ukifikia mshipa wa uso, upande mmoja wa uso hulegea: jicho halifumbi, mdomo huenda kando. Hapo ndipo watu wa kijiji husema amepigwa na upepo mbaya au amelogwa, na siku za thamani hupotea katika kumtafuta mchawi. Usaha ukishuka katika mfupa wa nyuma, sikio husukumwa mbele na uvimbe mwekundu. Ukiingia katika mshipa mkubwa wa damu, damu huganda ndani yake. Na dari ile nyembamba ikitoboka, usaha huufikia ubongo. Huleta homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo, na huko kifo ki karibu.

Baba alionya, mwana akafa

Tutoe mfano mmoja kutoka nchi za Ulaya, ili mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa maskini peke yao au wa wasiosoma.

Katika mji wa Dublin, nchini Ireland, aliishi mganga mashuhuri wa masikio, William Wilde. Mwaka 1853 alitoa kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa masikio, na humo aliwaonya waganga wenzake wasilidharau sikio litokalo usaha, kwa kuwa hakuna ajuaye litaishia wapi. Mganga huyo alikuwa na mwana, Oscar, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa michezo ya kuigiza katika lugha ya Kiingereza.

Oscar Wilde alifungwa gerezani nchini Uingereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1897. Mwaka 1896 aliwaandikia wakubwa wa serikali akilalamika kwamba kiwambo cha sikio lake la kulia kimetoboka kwa jipu, na kwamba karibu hasikii tena kwa sikio hilo. Alipofunguliwa alikwenda kukaa Ufaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1900 alipasuliwa sikio katika chumba cha hoteli alimokaa mjini Paris. Haikutosha. Ugonjwa ulipanda ubongoni. Tarehe 29 Novemba padre aliitwa, naye akapokewa katika Kanisa Katoliki akiwa kitandani. Siku ya pili yake akafa. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Miaka 100 baadaye, mwaka 2000, waganga wawili wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Ashley Robins na Sean Sellars, walizichunguza habari zote za ugonjwa wake. Waliandika katika gazeti la waganga la The Lancet kwamba yaelekea sana ugonjwa uliomwua ulikuwa kolesteatoma. Tazameni, ndugu wasomaji: baba alikuwa bingwa wa masikio na alitoa onyo katika kitabu, na mwanawe akafa kwa jambo lile lile. Siku zile hapakuwa na penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, wala darubini ya kupasulia masikio. Leo vyote hivyo vipo. Asiyevitumia kwa sababu ya kuzoea tu hawezi kujitetea kama watu wa zamani.

Dalili za kuangalia

Waganga wa Ulaya ya kaskazini wamehesabu wagonjwa wapya 9 hivi wa kolesteatoma katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo si kila sikio litokalo usaha lina ugonjwa huu. Lakini masikio yatokayo usaha ni mengi mno: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2004 kwamba watu wenye ugonjwa huo wa kudumu ni kati ya milioni 65 na milioni 330 ulimwenguni, na kwamba zaidi ya nusu yao wamepungukiwa na kusikia. Ni nani atakayetambua lipi ni lipi? Mganga mwenye chombo cha kuangalia ndani ya sikio. Lakini wa kwanza kushuku ni mzazi au mwalimu. Dalili ni hizi:

Usaha unaotoka na kukauka na kurudi tena, ingawa dawa imetumika sawasawa.

Harufu mbaya ya pekee, hata kama usaha ni kidogo.

Kupungua kwa kusikia katika sikio moja, au mlio wa daima ndani yake.

Damu au kinyama kinachoonekana katika tundu la sikio.

Zikitokea dalili zifuatazo, msingoje hata siku moja, mwende hospitali usiku au mchana: kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, uvimbe nyuma ya sikio, homa pamoja na kuumwa sana na kichwa, kutapika, shingo kukakamaa, au mgonjwa kuchanganyikiwa. Kumbukeni pia kwamba mgonjwa aliyezoea sikio lisiloumi, siku likianza kumwuma, hiyo ni habari mbaya.

Dawa yake ni upasuaji

Matone na vidonge hutuliza usaha na kupunguza harufu, lakini haviwezi kuutoa mfuko wa ngozi. Unaondolewa kwa kupasua tu. Mgonjwa hulazwa usingizi. Mganga hukata nyuma ya sikio au kupitia tundu lake, huchimba mfupa kwa kekee ndogo ya mashine, na huisaka ngozi ile mpaka kipande cha mwisho, akiepuka mshipa wa uso na mifereji ya mizani. Kazi hiyo hufanywa kwa darubini. Wa kwanza kutumia darubini katika kupasua sikio alikuwa Carl-Olof Nylén wa Sweden, mwaka 1921. Kabla ya kupasua, ikiwezekana, picha za mashine ya skana huonyesha mfupa umeliwa mpaka wapi.

Shabaha ya mganga ina daraja tatu. Kwanza, sikio lisiwe tena na hatari kwa uhai. Pili, likauke. Tatu, lisikie, kadiri iwezekanavyo. Kwa kiwambo kipya hutumia utando uliochukuliwa juu ya msuli wa kichwa, au gegedu ya sikio lenyewe. Na mfupa ulioliwa aweza kuweka mwingine wa kutengenezwa.

Lazima tuseme kweli yote: ugonjwa huu hurudi. Chembe chache zilizosahauliwa hutosha kuuanzisha tena, na kwa watoto hukua upesi zaidi. Ndiyo maana waganga wengi huliangalia sikio tena baada ya miezi kadhaa, ama kwa picha, ama kwa kulifungua mara ya pili. Aliyepasuliwa na kuona sikio limekauka asiseme, «Nimepona, sirudi tena.» Arudi siku aliyoagizwa, hata miaka ikipita. Na kwa kuwa mabingwa wa masikio katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wamo katika miji mikubwa, safari huwa ndefu na gharama yake nzito. Hapo jamaa na washirika wa jumuiya wasimwache mzazi peke yake. Wanaochanga kwa ajili ya matanga waweza kuchanga pia ili matanga yasiwepo.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Mlango wa ugonjwa huu waweza kufungwa nyumbani. Mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake peke yake miezi 6 ya kwanza. Na anayelishwa kwa chupa asilishwe akiwa amelala chali, maziwa yasije yakaingia katika mrija. Watoto wapate chanjo zote, ya surua na ya nimonia zikiwamo. Moshi wa jikoni na wa sigara huvimbisha mrija ule. Basi mtoto mchanga asilazwe penye moshi.

Mtoto akilia usiku akishika sikio, apelekwe dispensari kesho yake, asingojewe usaha utoke. Usaha ukishatoka kwa siku 14 au zaidi, ugonjwa umekwisha kuwa wa kudumu. Mwuguzi atawaonyesha jinsi ya kulikausha sikio: mnasokota kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, mnakiingiza polepole mpaka kilowe, mnakitoa, mnaweka kingine, hata kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Ndipo huwekwa matone ambayo mganga ameyaagiza, na hayo tu. Matone mengine yanayouzwa sokoni yaweza kuliua sikio la ndani lenye kiwambo kilichotoboka. Msitie mafuta, wala maji ya majani, wala maziwa, wala mkojo. Msiache pamba ndani. Mwenye tundu katika kiwambo asiogelee mtoni.

Na baada ya hayo yote, kama usaha haukomi, ombeni barua ya kumpeleka mtoto kwa bingwa. Msione haya kuiomba mara ya pili na ya tatu.

Kwenu walimu na wanafunzi

Mwalimu mpenzi, kabla ya kumwandika mtoto kuwa mjinga, msimamie nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, mketishe mbele, upande wa sikio lake zima, kisha waandikie wazazi wake. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu kwa harufu ya sikio lake. Harufu ile ni mlio wa kengele, ikitangaza kwamba nyumba yake yaungua ndani kwa ndani. Mwenye akili asikiaye kengele ya moto haketi akacheka. Hukimbia kuita watu.

Wahenga walisema, «Mficha maradhi, kifo humuumbua.» Lakini maradhi haya hayafichwi hata kidogo, hutoka hadharani kila siku, hunuka, hulowesha mto, nasi tumezoea. Basi, wazazi wapenzi, mkifika nyumbani jioni ya leo, yatazameni masikio ya watoto wenu. Mkimkuta mmoja ambaye sikio lake limekuwa hivyo tangu utotoni, msiseme tena kwamba halimwumi. Kesho asubuhi mwogesheni, mvisheni nguo safi, mpelekeni kwa mganga.